Uso Usio na Mwenyewe

Maneno yalisema kiti kitupu. Kwenye picha, mwanamke alikuwa amekikalia.

Muthoki aliifuta, akaendelea. Kazi yake, aliyoifanyia nyumbani mtaani Njiru, ilikuwa kukagua picha zilizobuniwa na kompyuta pamoja na maneno ya kuzieleza, ili kompyuta nyingine ijifunze kwazo kuona na kusema. Watu wa picha hizo hawakuwahi kuzaliwa, basi hakushtuka. Kosa ni kosa. Lakini picha iliyofuata ilikuwa ya soko, na mwanamke yule alikuwamo, amesogea karibu. Akaifuta. Katika ya tatu uso wake ulijaa skrini nzima, mdomo wazi kama anayesihi. Muthoki akafuta tena, na chumba kikanuka udongo wa kaburi jipya.

Nyuma yake kitu kilikwaruza sakafu. Binti yake Nthambi, wa miaka minne, aliyekuwa amelala, sasa alikuwa ameketi wima, hapepesi macho.

"Umenifukuza kwangu," mtoto alisema, kwa sauti ya mtu mzima.

Mume wa Muthoki, Musau, alileta mchungaji, wakaomba hadi makoo yakakauka. Hospitalini waliambiwa mtoto hana ugonjwa. Na kila kulipokucha uso wa Nthambi ulikuwa umezidi kufanana na ule wa kwenye picha, vishimo vya mashavu vikafutika, nyusi zikashuka, midomo ikanyooka, hata Muthoki, aliyemzaa na kumnyonyesha, akawa anamtambua mwanawe kwa kovu la gotini tu, na usiku akilishika kovu hilo gizani akiogopa kwamba nalo litaondoka.

Jirani yao Shamis ndiye aliyemnong'oneza habari za Maalim Kahin wa Eastleigh. Muthoki hakuwahi kukosa kanisa hata Jumapili moja, lakini mfa maji hachagui kamba. Musau alipokwenda kazini, maalim akaletwa. Alisoma dua, mtoto akatetemeka, udongo ukanuka tena. Kisha maalim akainua kichwa.

"Mama, huyu hakuwa na sura," alisema polepole. "Mlipochora nyuso zisizo na wenyewe, akapata makao. Wewe ukayabomoa. Hatoki bila uso."

"Apewe wangu."

Maalim alimkataza, akamwambia hajui anachokitoa. Muthoki hakumsikiliza. Alimkumbatia mwanawe, akaweka shavu lake juu ya lile shavu baridi, akahisi kitu kikihama kati yao kama ganda linalobanduliwa taratibu, bila maumivu, kuanzia kidevuni mpaka kwenye paji.

Nthambi akapiga chafya. Alikuwa yeye, na vishimo vyake. Muthoki akanyoosha mikono huku akilia kwa furaha. Mtoto akarudi nyuma, akajificha kwenye nguo za Shamis, ambaye naye alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mlango ukafunguliwa. Musau alimwona binti yake, akamnyanyua, akambusu mara nyingi. Kisha akamgeukia Muthoki kwa adabu.

"Karibu, dada," akasema. "Mama Nthambi ametoka?"