Maji ya Injini

Haya yalimpata rafiki yangu Kadar, fundi wa pikipiki wa pale Waberi, mwaka wa tisini na nne. Alikuwa anapeleka dawa kambi ya wakimbizi ya Ifo kwa pikipiki yake kuukuu, lile dude la safari ndefu ambalo injini yake hupozwa kwa maji. Rejeta ilikuwa inavuja, kwa hiyo alifunga nyuma mtungi wa maji wa lita kumi.

Adhuhuri, bibi mmoja akamsimamisha njiani, midomo imekauka kwa kiu.

"Mwanangu, nipe maji."

"Eedo, shangazi yangu, nisamehe. Haya ni ya injini."

Na Kadar amelelewa na wafugaji, watu ambao hata adui humnywesha kwanza kabla ya kumuuliza jina! Akatia gia, akaondoka.

Mbele kidogo upepo ukainua vumbi hadi jua likapotea, kukawa giza. Injini ikachemka, mvuke ukafoka, pikipiki ikazima. Yeye, anayewakanya wateja kila siku wangoje injini ipoe, kwa hofu akamimina maji baridi kwenye rejeta papo hapo. Akasikia ta! Bloku ya injini imepasuka.

Huku bado anamimina, akangoja maji yamwagike chini kupitia ufa. Mchanga ulibaki mkavu. Katika giza lile alisikia tu gugu, gugu, gugu ndani ya chuma, kama koo la mtu anayekunywa, mpaka mtungi ukaisha.

Kisha kwenye ule ufa ikatoka pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi. Mwanangu, niongeze."