Kambale Katika Tangi la Darasa la Sita

Kila asubuhi, kabla kengele ya paredi haijagongwa, Minza Ngusa alikuwa ameshafika shuleni na ndoo ya maji kichwani. Aliitua polepole kwenye kona ya darasa la sita, akafuta shingo kwa kiganja, kisha akainama mbele ya tangi la kioo kuwasalimia samaki.

Mwaka huo wa 1996, hapakuwa na tangi jingine la namna hiyo pale Ilembo, pembeni mwa mji wa Mpanda. Mwalimu Osward, aliyefundisha sayansi, alilitengeneza mwenyewe. Vioo aliviomba kwa Mwalimu Mkuu, Bi Bernadetha. Vilikuwa vimeletwa kwa ajili ya madirisha ya ofisi ya walimu, ambamo upepo wa Julai ulikuwa unaingia utakavyo.

"Nakupa muhula huu mmoja tu," Bi Bernadetha alimwambia. "Siku ya Wazazi nikikuta samaki hai wanaowafundisha watoto kitu, tangi litabaki. Nikikuta maji machafu, fundi anabomoa, na vioo vinakwenda dirishani."

Samaki wenyewe walitoka Ikola, kwenye Ziwa Tanganyika. Mjomba wake Mwalimu Osward, mzee Fabiani, aliwaleta ndani ya ndoo yenye kifuniko, juu ya lori la dagaa. Walikuwa wa aina mbili. Wanne walikuwa weusi wenye milia ya njano, wakikaa kwenye mianya ya mawe. Wengine wanane walikuwa wadogo kuliko kidole cha mwisho cha mtoto, na hao ndio waliowashangaza wanafunzi, kwa maana waliishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Kila mmoja alikuwa na kombe lake. Ukigonga kioo, wote walizama ndani ya makombe yao, pakawa kama hapana kitu.

Mwalimu aliweka masharti matatu. Chakula ni unga wa dagaa, kiasi cha kushika kwa vidole viwili tu. Maji yanayobadilishwa ni robo ya tangi, nayo yawe yamelala kwenye ndoo tangu jana yake. Na mtu yeyote asitie kiumbe kingine humo bila ruhusa.

"Hawa wamezoea kuishi jirani," alisema. "Kila mmoja anajua mpaka wake. Ukiingiza mgeni usiyemjua, umeharibu mji wao."

Minza aliyasikia maneno hayo. Lakini kila alipoinama pale, aliona chembe za chakula zimebaki mchangani, zikianza kuota ukungu mweupe. Alichukia kuona tangi lao lina uchafu. Siku moja ya Alhamisi, alipokuwa akinywesha ng'ombe wa baba yake kijitoni, alinasa kambale mchanga aliyezidi kidogo kidole cha kati cha mtu mzima. Alikumbuka watu husema kambale hachagui chakula. Huyu atakula makombo yote, alijiwazia, na Mwalimu atafurahi.

Ijumaa, wenzake walipokwenda kufagia uwanja, alimtoa kambale kwenye kopo akamtia ndani ya tangi. Kambale alipiga mkia mara mbili, akajipenyeza chini ya jiwe bapa, akatulia. Minza hakumwambia mtu. Alitaka iwe habari njema ya kushtukiza.

Jumatatu maji yalikuwa ya rangi ya tope. Mchanga ulikuwa umechimbuliwa na makombe yalitapakaa huku na huku. Mwalimu Osward alihesabu samaki, akarudia, akarudia tena. Wale wa milia walikuwepo wote wanne, wamejibana kwenye mianya. Kati ya wale wa makombe, walionekana watatu tu.

"Nani alikuwa na zamu ya Jumamosi na Jumapili?" aliuliza.

Esteria alisimama. Alikuwa jirani yake Minza, na walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

"Mimi, Mwalimu. Nilikuja siku zote mbili. Jumapili maji yalikuwa yamechafuka kidogo, nikadhani ni mchanga."

"Uliwapa chakula kiasi gani?"

"Kama ulivyosema, Mwalimu."

"Muongo! Alimwaga kopo zima!" sauti ilitoka nyuma, na darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Esteria, kwa sasa kaa pembeni na kazi ya tangi mpaka tujue kilichotokea."

Esteria alikaa. Hakulia, ila alifungua daftari akaanza kuandika tarehe ileile mara nyingi, mstari kwa mstari. Minza aliyekuwa amegusana naye bega kwa bega alitazama tangi. Chini ya jiwe bapa, sharubu mbili zilikuwa zinacheza taratibu.

Alijua palepale. Akainamisha macho kwenye daftari lake.

Jioni nyumbani, baba yake, mzee Ngusa, alikuwa anatengeneza mlango wa zizi. Siku hiyo alikuwa ameleta fahali mpya kutoka kwa ndugu yake wa Inyonga, naye amemfunga peke yake nje ya zizi.

"Baba, kwa nini humwingizi ndani na wenzake?" Minza aliuliza.

"Nimwingize tu hivihivi? Nyie watoto! Simjui tabia. Akiumiza ndama leo, nitamlaumu nani? Yeye ni mnyama, hana kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyefungua mlango."

Minza alishika mti wa zizi. "Na kama ungekuwa umeshamwingiza, halafu ndama wameumia, na anayelaumiwa ni mchungaji mwingine?"

Mzee Ngusa aliacha kufunga kamba. Alimtazama binti yake. "Basi ningekwenda kusema upesi, mwanangu, kabla fahali hajaumiza wengine."

Asubuhi Minza hakusubiri paredi. Alimkuta Mwalimu Osward anafungua darasa, Bi Bernadetha akiwa pamoja naye amekuja kuliangalia lile tangi.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Shikamoo, Mwalimu," alisema, kisha maneno yakamtoka kwa haraka. "Esteria hana kosa. Ni mimi. Nilitia kambale Ijumaa. Yuko chini ya lile jiwe."

Mwalimu Osward alikunja mikono ya shati, akainua jiwe. Kambale alichomoka, tumbo limejaa kama mfuko. Walimkimbiza kwa chujio mpaka wakampata.

"Kwa nini hukusema jana?" aliuliza Bi Bernadetha.

"Niliogopa, Mwalimu Mkuu."

"Ukamwacha mwenzako achekwe na darasa zima." Bi Bernadetha alimgeukia Mwalimu Osward. "Zimebaki wiki nne kufika Siku ya Wazazi. Watatu kati ya wanane! Mimi naona tumwite fundi."

"Naomba hizo wiki nne," Minza alisema. "Nitawahi kila siku. Tangi lisivunjwe kwa ajili yangu."

Mwalimu Mkuu alifikiri. "Kwanza utasema mbele ya darasa yale uliyotuambia. Kisha hizo wiki nne utazipata."

Minza alisema. Safari hii hakuna aliyecheka. Alipomaliza, alimgeukia Esteria. "Nisamehe. Nilikuona unaumia nikanyamaza."

Esteria hakujibu siku hiyo, wala kesho yake. Siku ya tatu Minza alipofika na ndoo, alimkuta Esteria ameshafika, anasafisha mchanga kwa kijiko.

"Usidhani nimesahau," Esteria alisema. "Lakini samaki hawahusiki na hasira zangu. Mimina polepole."

Kuanzia hapo walifanya kazi pamoja. Walilaza maji, wakapima robo, wakachota makombo ya chakula yaliyobaki kwa kijiko, kazi ambayo Minza alikuwa ametaka kumwachia kambale. Waliandika kwenye daftari kila walichokiona. Katika wiki ya pili waliona samaki mmoja mdogo hatoki kwenye kombe lake. Alisimama mlangoni akipepea mapezi, na hata wale wa milia wakipita karibu, aliwafukuza.

"Anaumwa," alisema Esteria.

"Haumwi. Ng'ombe aliyezaa naye hukataa kusogelewa," alijibu Minza. "Tusimguse."

Siku nane kabla ya Siku ya Wazazi, Minza aliinama kama kawaida, akaganda. Kwenye mdomo wa lile kombe kulikuwa na vitu vidogo kama punje za ulezi, vyenye macho. Vilisogea vyote kwa pamoja.

"Esteria! Esteria, wamezaa!"

Walihesabu kumi na mmoja. Baada ya siku tano, kombe jingine likatoa tisa. Mwalimu Osward alipoona, alirusha chaki juu kama mtoto.

Siku ya Wazazi darasa la sita lilijaa hadi madirishani. Mzee Ngusa aliegemeza fimbo yake ukutani, akachuchumaa mbele ya kioo. Esteria alieleza namna ya kulaza maji. Minza alieleza jinsi mama samaki anavyolinda kombe. Mzazi mmoja alipouliza kwa nini wakubwa wa kwenye makombe ni watatu tu, Minza alinyoosha shingo, akasema yote, pamoja na kambale.

Kisha Bi Bernadetha alisogea mbele.

"Wazazi, mimi nilitaka kulivunja tangi hili," alisema. "Leo nasema litabaki, na madirisha ya ofisi tutayatafutia vioo vingine. Watoto, sikilizeni. Samaki hawa hawakuokolewa na bahati. Waliokolewa siku Minza aliposema ukweli, maana angenyamaza siku mbili zaidi, kambale angewamaliza. Lakini ukweli peke yake haukuwalea. Baada ya kuusema, alibeba maji kila siku. Kukiri kosa ni kuanza kazi ya kulirekebisha, na aliyekosewa akikubali kusaidia, kazi hiyo hufika mwisho mapema."

Wazazi walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele mpaka samaki wadogo wote wakazama kwenye makombe. Darasa zima likaangua kicheko. Minza alimshika Esteria mkono, wakasubiri pamoja kimya kimya, hadi kimoja baada ya kingine, vichwa ishirini vidogo vikachungulia tena.