Mtoto Aliyefichwa Jua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Istar aliteka maji bombani, akachemsha chai, kisha akaingia chumba cha ndani kumwamsha mdogo wake Ebla. Chumba hicho kilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilikuwa limezibwa kwa gunia lililopigiliwa misumari. Nje, jua la Isiolo lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati. Humo ndani mlikuwa na giza kama ndani ya debe.

Ebla alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Alijua kusema "Itaa", yaani Istar, na alijua kuimba. Kutembea hakujua. Alikaa kitako juu ya mkeka, kichwa kimelowa jasho hata siku za baridi, akinyoosha mikono abebwe. Ngozi yake ilikuwa laini, haina kovu wala vumbi, na mama yao aliipaka mafuta kila siku akijivunia.

"Wakiuliza?" mama, Sadia, alisema Istar alipochukua mkoba wake.

"Ana mafua."

"Wakiuliza tena?"

"Bado ana mafua, Hooyo."

Hivyo ndivyo walivyoagana kila siku, mama na binti. Istar alikuwa na miaka kumi na miwili, na uongo huo alikuwa ameusema tangu akiwa na kumi.

Kabla ya Ebla alikuwako Guleid. Alipokuwa na mwaka mmoja, mama alimbeba hadi sokoni, na mwanamke asiyemjua akamfinya shavu, akasema mtoto huyu amenona kama ndama. Hakutamka "mashaallah". Wiki hiyohiyo Guleid akapata surua, kifua kikabana, akafa. Hospitalini waliandika surua, lakini mama hakutaka kusikia. Kwake yeye, lililomchukua mwanawe lilikuwa jicho la husuda. Ebla alipozaliwa, mama aliapa kwamba hataonekana na mtu wa nje hadi atimize miaka mitatu. Baba yao, Shuriye, alikuwa dereva wa lori la ng'ombe, na siku nyingi alikuwa safarini. Alisikia kiapo hicho, akanyamaza. Naye pia alikuwa amemzika Guleid.

Huo ulikuwa mwaka wa ukame, elfu moja mia tisa themanini na nne. Maziwa ya ngamia waliyokuwa wakiletewa na jamaa wa Kulamawe yalikwisha, kwa sababu ngamia wenyewe walikuwa wakifa. Kwa hiyo siku za maziwa ya Nyayo, yale wanafunzi waliyogawiwa bure shuleni, wenzake walipong'ata pembe za pakiti na kunywa, Istar aliificha yake mkobani.

"Unampelekea yule jini wenu?" aliuliza Erot, jirani yake wa dawati.

"Ni dada yangu."

"Dada gani haonekani? Tangu darasa la nne ana mafua. Pua yake si imekwisha kudondoka?" Erot alicheka, kisha akaelekeza kidole nje ya ua wa shule, ambapo mdogo wake Ekai, mtoto wa miaka miwili, alikuwa akimfukuza mbuzi bila nguo, miguu imenyooka, mavumbi hadi masikioni. "Mlete acheze na huyu. Mafua yataogopa."

 Istar alimtazama Ekai akikimbia, akaukumbatia mkoba wake.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, muuguzi aliyezungukia mitaa kupima watoto alibisha mlangoni. Watu walimwita Sista Kanana, mwanamke mfupi kutoka Meru, begani amening'iniza mizani. Mama alijifungia chumba cha ndani pamoja na Ebla. Istar akabaki kizingitini.

"Hamjambo hapa? Kadi yangu inaonyesha kuna mtoto wa miaka miwili."

"Hayupo. Ameenda Kulamawe," Istar alisema. "Kwa nyanya. Anakunywa maziwa ya ngamia."

"Kulamawe kuna maziwa mwaka huu?"

"Kidogo."

Wakati huo huo, nyuma ya pazia, sauti ndogo iliita, "Itaa."

Sista Kanana alitazama pazia, akamtazama Istar. Istar aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alingoja aulizwe tena. Moyoni alitaka aulizwe tena. Lakini muuguzi alitazama saa yake, akaandika kitu kwenye kitabu, akasema, "Akirudi, mwambie mama amlete," kisha akaenda nyumba iliyofuata.

Baba alirudi safari na viatu vyekundu vya plastiki. "Vya Idd," alisema akiviweka juu ya mkeka. Ebla alivikumbatia siku nzima. Usiku Istar alimsikia baba akimuuliza mama kwa sauti ya chini, "Atavivaa lini huyu?" 

Basi Istar akajipa kazi. Kila akitoka shule, mama akiwa jikoni, alimvisha Ebla viatu vile, akamsimamisha. Miguu ya mtoto ilijikunja kwa nje kama upinde. Ebla alilia, akakaa. Istar akamsimamisha tena. Alimwimbia, akampa maziwa ya Nyayo kijiko kwa kijiko, akamwambia, "Hatua moja tu, kipenzi. Baba aone." Siku ya nane, Ebla alipokataa kuinuka, Istar alimvuta kwa mikono yote miwili, akamsimamisha kwa nguvu. Uzito wote ukaangukia mguu wa kushoto.

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kijiti kikavu cha kuwashia moto kikivunjika.

Hakuna aliyekumbuka kiapo tena. Mama alimfunga Ebla kwa shuka, akatoka mbio mchana kweupe, Istar nyuma yake na viatu vyekundu mkononi. Walipita katikati ya soko, mbele ya wauza miraa na wauza nguo. Shuka ikateleza, uso wa Ebla ukaonekana na watu wote. Mtoto akafumba macho, akaficha uso shingoni mwa mama yake. Halikuwa jicho la mtu aliloogopa. Ulikuwa mwanga wa jua.

Hospitalini daktari alipiga picha ya mifupa, akamfunga Ebla plasta ngumu kutoka paja hadi kwenye vidole. Aliyekuja kuzungumza nao alikuwa Sista Kanana. Alimtazama Istar kwa muda mrefu, lakini hakusema neno juu ya Kulamawe. Alivuta benchi, akaketi karibu na mama.

"Mama Istar, mtoto huyu ana ugonjwa wa mifupa laini. Tazama vifundo vya mikono vilivyovimba. Tazama miguu. Jasho la kichwani, kuchelewa meno, kifua kubana kila mara. Umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Amewahi kukaa juani?"

Mama alitazama sakafu. "Hajawahi."

"Hata siku moja?"

"Nilikuwa namlinda."

Sista Kanana alipitisha kidole kwenye mkono wa Ebla, polepole. "Ngozi hii ni nzuri kweli. Lakini imelala njaa. Ngozi yetu ndiyo inayotengeneza vitamini D, na haiwezi kuitengeneza bila jua. Vitamini hiyo ikikosekana, hata mtoto akinywa maziwa, madini ya chokaa ya kujenga mifupa hayashiki mwilini vizuri. Mifupa inabaki laini, inapinda kwa uzito wake mwenyewe. Nguvu za kupigana na maradhi nazo zinapungua. Wewe mwenyewe, mgongo haukuumi?"

"Unaniuma. Miaka miwili sasa."

"Kwa sababu umejifungia naye."

Hata mtoto akinywa maziwa. Istar alikumbuka zile pakiti zote, njaa aliyoivumilia akirudi nyumbani nazo, akaanza kulia bila sauti. Kisha akasema, "Ni mimi niliyemvunja. Nilimvuta. Na ni mimi niliyesema uongo kwamba yuko Kulamawe."

"Ni mimi niliyemfundisha," mama alisema haraka.  Alitamka taratibu, kana kwamba anajisomea barua mbaya. "Nilimzika mmoja mchangani. Huyu nikamzika ndani ya nyumba."

Sista Kanana aliweka kitabu chake chini. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ile ya kazini. "Nami nisikilizeni. Siku ile nilimsikia mtoto akiita nyuma ya pazia. Nilikuwa na nyumba nyingi bado, jua kali, miguu inaniuma. Nikaona ni rahisi kuamini uongo. Kwa hiyo tumekuwa watatu."

Kesho yake baba aling'oa misumari, akatoa gunia. Mama alifagia sehemu ya ua nyuma ya nyumba, ambapo wapita njia hawangeweza kuwaona, akatandika mkeka. Kila siku saa tatu asubuhi alikaa hapo nusu saa na Ebla, mikono na miguu ya mtoto ikiwa wazi, na mikono yake mwenyewe pia. Siku za kwanza mama alisoma dua bila kupumzika. Walimpa Ebla matone ya dawa kutoka hospitalini, na mayai kila yalipopatikana, na dagaa waliosagwa kwenye uji. Istar aliendelea kuleta maziwa yake, na sasa yalikuwa na kazi.

Plasta ilitolewa. Idd ikapita, Ebla hajatembea. Mvua zikanyesha. Ilikuwa mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, pale uani karibu na chungu cha mafuta ya kupaka, alipojiinua mwenyewe, akaenda hatua tatu hadi kwa Istar. Hakuwa na viatu. Vile vyekundu vilikuwa vimeshakuwa vidogo. Miguu ilikuwa imeanza kunyooka, ila ule wa kushoto ulibaki umepinda kidogo, na Sista Kanana hakuwaficha: huenda ukanyooka akikua, huenda usinyooke.

Mama aliinua kiatu kimoja, akakitazama, akakirudisha chini.

"Istar," alisema, "nilikufundisha uongo nikidhani ni ukuta wa kumkinga dada yako. Uongo huo ndio uliomzuia mtu wa kumsaidia kuingia. Kumwogopea mtoto si kosa. Kosa ni kuificha hofu yako, na kumficha mtoto ndani ya hofu hiyo. Ukiona mtu wako anaumwa, sema. Hata mimi nikikukataza, sema."

"Ndiyo, Hooyo."

Mlangoni Erot alikuwa akiita, Ekai mgongoni. "Istar. Na yule wa mafua yuko?"

Istar aliinua uso. Alitazama ua, mkeka, na mtoto aliyesimama juu yake akijishika ukutani.

"Yuko," alisema. "Yuko juani. Ingia umwone."