Kila Faili Iliitwa Mpya

Kikombe cha bati kilidondoka sakafuni gizani, ting! Mpiga chapa akaruka kitandani, akapapasa ukuta, akawasha taa. Binti yake, Kidoti, alikuwa akitafuta maji. Mwili moto, kifua kinapiga filimbi.

Akaipigia simu zahanati. Muuguzi akauliza, "Ile dawa iliyomvimbisha uso mwaka jana ni ipi? Tusije tukampa tena."

Jina halikuja. Aliliandika, naam, kwenye kompyuta yake ya mezani. Lakini katika pilikapilika za kuwachapia wateja, kila faili aliipa jina la namna ileile: Mpya, Mpya Tena, Mpya Kabisa. Akafungua moja, mbili, tano. Mikataba ya watu!

Wa kumwokoa alikuwa mmoja, na huyo yeye mwenyewe alimfukuza. Fundi kompyuta, waliyegongana naye kwenye msongamano wa duka la vifaa vya ofisi, shati lake la bluu likanukia sabuni, moyo wa mpiga chapa ukabaki palepale. Mwezi uliopita fundi alitaka kuiwezesha kompyuta itafute maneno hadi ndani ya faili. "Unataka kunichungulia!" akamfokea. Fundi akafunga mkoba wake, akaondoka.

Sasa akampigia.

"Malkia?"

"Fundi, Kidoti hapumui vizuri! Jina la dawa limo humu, silioni!"

"Taratibu, mpenzi. Fungua folda. Nenda kwenye chaguo, halafu utafutaji. Weka tiki panaposema itafute na yaliyomo."

"Nimeweka."

"Andika neno unalolikumbuka."

Akaandika: *kuvimba*. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Nyuma yake filimbi ya kifua cha Kidoti ikakatika. Akageuka. Ikarudi.

"Mbona inajikokota hivi?"

"Inasoma faili moja moja. Nakuja."

"Usikate simu!"

"Sikati. Nakimbia nayo."

Ikatokea faili moja tu: Mpya Kweli. Jina la dawa lilikuwemo.

Fundi alifika akihema, akambeba mtoto. Kule zahanati, muuguzi alisikia lile jina, akairudisha mezani sindano aliyokwisha kuiandaa. "Ningemchoma hii hii," akanong'ona, akachukua nyingine.

Jua lilipochomoza, kifua kilikuwa kimetulia.

"Bado unadhani nataka kukuchungulia?" fundi aliuliza.

"Chungulia. Hamia kabisa, uchungulie vizuri."

"Kwa ndoa?"

"Ulidhani kwa kodi?"

Kidoti akafumbua macho, akatazama chini ya benchi walilokalia.

"Mama, Fundi amevaa viatu viwili tofauti."