Mtoto Mpole wa Nyumba za Reli

Wewe unaogopa nini zaidi, jini au baba mkwe? Usiharakishe kujibu. Nasimiyu naye, mwaka ule wa 1957, angecheka tu.

Kilichoanza kilikuwa kidogo: mtoto wake, Wasike, aliacha kulia.

"Nikopeshe huyo," Akoth, jirani yake katika nyumba za reli pale Nakuru, alimwambia. "Wangu anashinda treni ya Kampala kwa kelele."

Watu walimsifu. Mtoto mpole, mnono, analala mchana kutwa. Na mama mwenyewe alikuwa anapona. Macho yaliyomtoka, mikono iliyotetemeka, tezi iliyomkaba shingo, vyote vilikuwa vikipungua tangu anywe maji ya daktari, maji yasiyo na rangi wala ladha, yaliyotolewa kwenye chombo kizito cha madini ya risasi. Siku ile ya kunywa, daktari, Mzungu aliyeshuka meli juzi na asiyejua neno la Kiswahili, alimwekea kisanduku cha kupimia dawa hiyo karibu na shingo, kikalia kama mtama unaomwagwa kwenye bati. Kisha akasema maneno mengi, kidole kikimwelekea Wasike.

Mume wa Nasimiyu, Masinde, alikuwa safarini akichochea makaa ya treni, kwa hiyo mkalimani alikuwa Makokha, baba mkwe, karani wa stesheni aliyesifika kwa Kiingereza chake. Alisimama mlangoni akitazama ukuta, maana Mbukusu mwenye adabu hamkodolei macho mke wa mwanawe. Alikohoa.

"Anasema upumzike."

Nasimiyu akapumzika, mtoto kifuani.

Mvua zilipokatika, Wasike alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ulimi ulimtoka, mnene, haurudi. Na mchana mmoja, jua likiwaka juu ya ziwa, akalia tena, kwa sauti ya mzee, nzito, yenye mikwaruzo.

Mama mkwe aliangusha sufuria. "Huyo si wetu," alinong'ona.

Tangu hapo, kila giza lilipoingia, kabla hata taa haijawashwa, harufu ya chuma kilichoungua ilipanda kutoka kwenye blanketi la mtoto, na mtama ukaanza kumwagika, punje moja, kimya, punje mbili, halafu mfululizo, ndani ya chumba ambacho hakikuwa na kisanduku wala bati wala mtama, na kila Nasimiyu alipomkumbatia mwanawe kumkinga, kwa kuwa hakujua kinga nyingine, sauti ile ilizidi kasi kana kwamba ilikuwa ikimngoja afanye hivyo hasa.

Makokha, mzee wa kanisa, alitangaza kwamba majini ni ushenzi. Jioni hiyo hiyo akatuma mtu mtaa wa Bondeni amlete Mwalimu Athumani, mpunga majini, apitie mlango wa nyuma.

Mwalimu alifukiza ubani, akasoma, akamwuliza jini jina lake. Wasike alimtazama tu, ulimi nje. Punje zikamwagika. Mwalimu akafunga kitabu.

"Jini ninayemweza hunijibu," alisema polepole. "Huyu amekolea mwilini kama chumvi kwenye mchuzi. Aliingia na chakula. Mtoto anakula nini?"

"Hajaonja kitu, Mwalimu," Nasimiyu alijibu akiinamisha kichwa, maana baba mkwe alikuwa ameketi nyuma ya mlango, akisikia. "Ni titi langu tu."

Huko nje kiti kililia.

"Baba Masinde," mama mkwe aliita kwa sauti ya chini. "Yule Mzungu alimwonyesha mtoto kidole. Alisema nini?"

Ghafla mtama ulinyamaza.

"Baba Masinde."

"Alisema mtoto asinyonye tena." Sauti ilipita kwenye mbao za mlango, ndogo, haikuwa ya karani wala ya mzee wa kanisa. "Kwamba yale maji yataingia kwenye maziwa, yaiue tezi yake changa. Alisema titi, mara tatu alilisema. Sasa mimi ningemtamkia vipi mke wa mwanangu neno kama hilo? Nikamwambia apumzike."