Taa ya Kijani ya Sechelela

Sechelela Malogo alipandisha mkono wa gauni lake, na ukumbi mzima ukanyoosha shingo. Juu kidogo ya kiwiko chake palikuwa na kipande chembamba cha rangi ya maziwa, kimeshikana na ngozi kama vile kimeota hapo. Katikati yake iliwaka taa ndogo ya kijani.

"Hiki ndicho kiraka-lishi," alisema. "Chini yake kuna sindano nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo hakiumi. Zinasoma damu, zinajua mwili umepungukiwa na nini, kisha zinapitisha lishe polepole kutoka kwenye hiki kifuko cha juu. Mwili ukipungukiwa, taa inageuka njano. Ukiwa hatarini, nyekundu."

Kiraka kilibuniwa kwa ajili ya mafundi wa Mnara wa Anga, ile lifti ndefu inayopanda kutoka uwanda wa Dodoma hadi kwenye vituo vinavyoelea juu ya mawingu. Huko fundi hushinda ndani ya suti bila nafasi ya kutia tonge mdomoni. Baadaye kikaingia hospitalini. Sasa kampuni iliyokibuni ilitaka kukipeleka kwenye shule za bweni, na walimu walikuwa wamealikwa waje kujionea.

Mkurugenzi, Bwana Chidawali, alisimama kando ya Sechelela akitabasamu. "Mhandisi wetu huyu hana habari na jiko. Tangu avae kiraka hajagusa sufuria, na mnamwona alivyo mzima wa afya!"

Wageni wakapiga makofi. Mwalimu mmoja wa kike akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mwanafunzi wangu akikataa kula kabisa, taa itabaki kijani?"

"Kabisa, Mwalimu. Uzuri wake ndio huo. Hamtahangaika tena."

Mwalimu hakucheka na wenzake. Alimtazama Sechelela, si mkono wake, bali uso. Sechelela akashusha mkono wa gauni.

Hakuna aliyejua kwamba hofu ya chakula ilimwanza tangu akiwa chuoni, kabla kiraka hakijabuniwa. Mwanzoni aliruka mlo na kujiona mshindi. Baadaye sahani ikiwekwa mbele yake moyo ulimwenda mbio kama aliyekanyaga nyoka. Akadanganya kwamba ameshakula, akadanganya kwamba amefunga, akadanganya kwamba tumbo linamsumbua. Kiraka kilipokuja kikampunguzia kazi ya kudanganya. Kila Jumapili, nyumbani kwa kaka yake, wifi yake Tabitha aliwapakulia wote na kumruka yeye, akitania, "Wifi mwenzangu keshashiba kazini." Naye aliketi pale kama mtu aliye kwenye chumba cha kusubiri. Hakuwa na njaa, wala huzuni, wala furaha. Alikuwa na ganzi, kama ile ya mkono uliolaliwa, ila hii ilikuwa ya mwili mzima na haikuachia.

Swali la mwalimu halikumliza. Lilimkaa tu kichwani. Kesho yake asubuhi treni ya sumaku ilipofika kituo cha kazini hakushuka. Alipitiliza hadi zahanati.

Hapo mgonjwa hupokelewa kwanza na Tabibu, akili unde inayozungumza kutoka ukutani kwa sauti pole ya mtu mzima.

"Karibu, Sechelela. Unasumbuliwa na nini?"

"Sili."

"Nimesoma kiraka chako. Damu ni nzuri, moyo ni mzuri. Huna upungufu wowote."

"Sijasema nina upungufu. Nimesema sili. Nikiona chakula naogopa."

"Sioni ugonjwa katika vipimo vyako. Uko salama. Nakutakia siku njema."

Sechelela hakukasirika. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioifundisha Tabibu kukiamini kiraka. Alipandisha mkono wa nguo, akaanza kukichomoa kifuko cha lishe taratibu, akiacha sindano na taa mahali pake.

"Unafanya nini, dada?"

Aliyeuliza alikuwa mama wa makamo aliyevaa koti jeupe, Daktari Asnath Kihupi, anayetibu maradhi ya akili na hisia. Alikuwa anapita kuelekea chumbani kwake.

"Nataka taa iwe nyekundu," Sechelela akajibu.

"Ili iweje?"

"Ili mniamini."

Daktari akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Rudisha kifuko chako. Nakuamini hivyo hivyo, taa ikiwa kijani."

Sechelela alikuwa amedhani kwamba siku atakapoambiwa maneno kama hayo angebubujikwa na machozi. Hayakuja. Alikirudisha kifuko, kikaingia kwa mlio mdogo, akabaki anautazama mkono wake.

"Sihisi chochote, Daktari."

"Najua. Hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa. Huu ni ugonjwa, si maringo wala wazimu, na unatibika, ingawa si kwa haraka. Kiraka tutakiacha kwa sasa, mwili unakihitaji. Chakula tutakirudisha taratibu, tukizungumza. Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

"Basi anza na mmoja."

Alianza na Mkurugenzi, pengine kwa sababu kumwambia mtu baki ni rahisi kuliko ndugu. "Kiraka kisipelekwe shuleni hivi kilivyo," alimwambia. "Kinalisha mwili, lakini kinamficha mgonjwa."

"Umeyatoa wapi hayo, Sechelela? Wewe ndiye mfano wetu!"

"Ndiyo. Ndiyo maana nakwambia mimi."

Bwana Chidawali akasema mpango wa shule usubiri kwanza, madaktari waitwe. Hakusema usubiri hadi lini, na Sechelela hakuwa na nguvu ya kuuliza.

Jumapili alimkuta Tabitha peke yake jikoni, anasonga ugali, mlenda umeshaiva pembeni. Akabaki mlangoni.

"Wifi, mimi sishibi kazini. Naogopa kula. Ni miaka sasa."

Mwiko ukasimama. "Miaka? Na mimi nakuruka kila Jumapili, nafanya utani!" Tabitha akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Sasa nifanyeje? Nikuhimize, au ninyamaze?"

"Sijui. Kaa nami tu."

Walikaa hapo hapo jikoni, sahani moja katikati yao. Sechelela alimega tonge dogo, akalichovya, akalishika mpaka likapoa. Tabitha aliangalia tonge lake mwenyewe. Mwishowe Sechelela akalitia mdomoni. Hakusikia utamu wala ushindi. Alisikia joto kidogo, na kazi ya kumeza. La pili hakuliweza.

"Wifi."

"Abee."

"Jumatano narudi kwa daktari. Nisindikize."

"Tutakwenda wote," Tabitha akasema.