Mstari Mweupe wa Basi la Baba

Foleni ya dukani ilikuwa haisogei. Dada mshonaji, gauni la bluu, pini zimejaa kifuani, akachungulia kikapu cha kijana aliyemtangulia: seloteipu, dawa ya meno, nailoni ya kufunikia chakula.

"Kaka, unahama nyumba?"

"Napaka rangi mabasi. Madogo, ya kuweka mezani."

Dada alicheka, kisha akakumbuka. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa basi jekundu lenye mstari mweupe. Sasa macho ya mama yalikuwa yanafifia, na daktari alishasema hayana muda mrefu.

"Nitengenezee basi la marehemu baba, mama alione kabla hajapofuka."

Kijana, Fundi Kiduchu kama mtaa ulivyomwita, alikubali palepale. Jumamosi mshonaji akaja kutazama kazi. Vioo vilizibwa kwa dawa ya meno visishike rangi, mstari mweupe kwa seloteipu, ndipo rangi nyekundu ikapita juu.

"Hii unaibandua leo leo, mpenzi," fundi alieleza. "Ikikaa inang'oa rangi."

"Nani mpenzi wako?"

"Seloteipu."

Walicheka mpaka wakajikuta wameshikana mikono.

Kazi ilibaki kubandua tu. Lakini basi likiisha, mshonaji atakuja kufanya nini tena? Wazo hilo lilimtia kiwewe fundi, akaiacha seloteipu mahali pake. Kila mshonaji alipopiga simu, fundi alijibu, "Bado halijakauka, kipenzi. Njoo Jumamosi." Mshonaji akaja Jumamosi nne, na mwenzetu akajiona mjanja. Mjanja wa wapi! Mtu mzima anashindwa kusema neno moja.

Jumatano simu ililia asubuhi. "Mama ameamka haoni kabisa."

Mshonaji alikuja mwenyewe kulichukua basi, angalau mama alishike. Akaivuta seloteipu, ikang'oka na mstari mweupe wote.

"Hii imekaa tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," fundi alikiri. "Nilitaka uendelee kuja. Nakupenda. Nataka nikuoe."

"Ungesema tu. Ningekuja hata bila basi."

Akalifunga kwenye mtandio, akaondoka.

Fundi alipiga simu wiki mbili bila kujibiwa. Siku ilipopokelewa, sauti ilikuwa ya uchovu.

"Mama analipapasa kila siku. Ananiomba nimwonyeshe mstari ulipo. Namshika kidole, nakipitisha pasipo na kitu, naye anatabasamu."

"Nisamehe, mpenzi."

"Usinipigie tena."